Kioo cha Biira

Kioo cha kujitazamia hukatwa upande wa uso. Ukikikata upande wa mgongo unaichubua ile rangi ya fedha, na kazi yote inaishia kuwa madoa. Kwa hiyo mkataji hana pa kukwepea: akiinama tu na kikatio mkononi, uso wake mwenyewe unamngoja pale chini. Loyi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye kibaraza cha nyumba yake, Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, bila kuliwaza hilo. Tangu walipomzika Sylivia, binti yake wa kwanza, aliliwaza kila alipoinama. Akajifunza kutazama kigurudumu cha kikatio peke yake, na ule mstari mwembamba kinaouacha nyuma. Mduara ulipofungika alikigeuza kioo kifudifudi upesi, kama mtu anayefunika chungu kisiingiwe na nzi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya vidole zaidi kuliko macho. Alimega kingo kwa koleo, akazisugua juu ya jiwe lenye maji mpaka zikaacha kuuma. Mgongo wa kioo aliupaka rangi ya kucha, akaacha ikauka, akapaka tena, maana gundi ikiigusa ile fedha huila. Kisha kadibodi, kisha kitambaa cha kitenge, kisha shanga za kuzunguka ukingo, uzi ukiwa umepitishwa kwanza kwenye nta. Kioo kikimalizika kilitosha kiganjani, kina kifuniko chake cha kitambaa na kitanzi kidogo cha kukivutia kutoka kwenye mkoba.

Kitanzi kile ndicho kilichovipa jina vioo vya Loyi, na lilikuwa wazo la Sylivia.

Kwa Wakonzo mtoto hazaliwi akangoja jina. Jina ndilo linalomngoja yeye. Msichana wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na mstari unaendelea. Hayo majina mengine, ya kina Sylivia na Mackline, ni ya ubatizo, yanafuata nyuma. Na anayekufa hatoki kwenye mstari. Biira akifiwa na dada yake mkubwa hapandi akawa Masika; anabaki Biira, na kila anayemwita hivyo anakuwa amesema, hata kama hakukusudia, kwamba yuko mwingine aliyetangulia.

"Mama, wasichana wanapenda kitu kinachowajua," Sylivia alisema siku moja, akiwa amekaa kwenye kibaraza hicho hicho, miguu imetandazwa, shanga kwenye kifuniko cha kopo. "Tushone punje nyekundu kwenye kitanzi. Masika moja, Biira mbili, Kabugho tatu. Mtu akiingiza mkono kwenye mkoba wake gizani, kidole kinamwambia: ni mimi."

"Na Mtooro akija kununua?"

"Mtooro atanunua pambo. Mzungu naye atanunua pambo. Sisi tutanunua majina."

Ikawa hivyo. Wasichana wa Bwera, wa Kinyamaseke, wa vilimani huko juu, wakaja kila mmoja kutafuta punje zake. Hata Shangazi Yunia, dada mkubwa wa mumewe Loyi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa akikaa nao jioni, anapokea vioo vilivyomalizika, anapapasa kitanzi kwa kidole gumba na kutangaza, "Huyu Biira. Huyu Masika. Huyu, lo, huyu mama yake amezaa!" nao wanacheka.

Sylivia ndiye aliyekuwa akipeleka vioo Kikorongo, pale njia panda ya mbugani, kuvizungusha kwenye madirisha ya mabasi na kwa watalii wanaoshuka kujinyoosha. Siku aliyokufa alikuwa akirudi, mfuko haujaisha. Boda iliyompakia ikakutana na lori. Watu walioleta habari walileta na mfuko, na Loyi alipoufungua baada ya mazishi alikuta vioo vyote ni vizima. Hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Hilo ndilo alilokuwa hawezi kulisamehe. Hakujua hata amlaumu nani kwa hilo.

Msimu wa kahawa ulikuwa umepita tangu hapo, na sasa Mackline, mdogo wake Sylivia, alikuwa anaolewa.

Mackline alikuwa akisuka watu nywele kwenye saluni moja mjini Kasese. Mchumba wake alikuwa Kiiza, kijana wa Kitooro aliyekuwa akichukua samaki Kasenyi na kuwaleta sokoni kwa gari lake dogo la mizigo. Familia mbili zilikwisha kukubaliana: Ijumaa sherehe ya kumtoa binti nyumbani kwao Bwera, Jumamosi kanisani Kasese. Jumapili iliyotangulia, Mackline alikuja nyumbani kusaidia maandalizi. Alimkuta mama yake kibarazani, akavuta kigoda.

"Mama, kioo changu umekianza?"

"Nimekikata. Kimebaki kushonwa."

Mackline alikaa kidogo, akikwangua rangi kwenye ukucha wake. "Basi kwenye kitanzi weka punje moja."

Loyi alidhani amesikia vibaya. "Moja ya nini?"

"Moja tu."

"Wewe ni Biira."

"Najua mimi ni nani, Mama."

"Sasa moja ya nini? Unataka kukalia kigoda cha dada yako?"

"Mama, usinifanyie hivyo." Mackline alisema polepole, kama mtu aliyejiandaa njia nzima. "Wewe hujui pale saluni ninavyoishi. Akiingia Mkonzo yeyote, akisikia naitwa Biira, swali ni lile lile. 'Na Masika wenu yuko wapi? Ameolewa upande gani?' Nimemshika nywele, nitamkimbilia wapi? Namwambia alikufa. 'Maskini! Alikufa na nini?' Lori. 'Lori la wapi?' Kikorongo. 'Lilimkanyaga au lilimgonga tu?' Lilimgonga tu, Mama! Mtu anaweza kuuliza hivyo huku anajitazama kwenye kioo kama misuko imenyooka! Nasimulia mpaka kichwa kimekwisha. Kesho anakuja mwingine."

"Watu wanauliza kwa wema."

"Wema wao umenichosha. Nataka siku moja, Mama. Siku moja nifungue mkoba nijione mimi, peke yangu, bibi harusi. Halafu nitakuwa Biira mpaka nife."

"Basi nikiache kitanzi kitupu."

"Kikiwa kitupu ndiyo watauliza zaidi. Shangazi zangu wote watasema hakijamalizika. Moja ni pambo. Watu wa kina Kiiza hawajui hesabu yetu."

Loyi aliokota kipande cha kitenge, akakikunja, akakikunjua. Alitaka kusema kwamba yeye shida yake ilikuwa nyingine kabisa. Hapa Bwera kila mtu alijua. Walikuja matangani, wakalia naye, wakala ugali wa posho na maharage, wakakunja mikeka wakaenda zao. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza lolote. Kwa miaka yote alikuwa akiitwa Mama Masika, njiani, kanisani, sokoni. Baada ya msiba watu, kwa heshima tu, walianza kumwita Mama Loyi, au Mama Biira, kama vile wote walikutana mahali wakapatana. Miezi ilikuwa imepita bila mtu hata mmoja kulitamka jina la mwanawe mbele yake. Angepewa yeye zile nywele za Kasese na maswali yake, angesuka mpaka vidole vikatike.

Lakini kusema hayo kulihitaji nguvu, naye nguvu hakuwa nayo. Alisema, "Nitaona," akaingia ndani kutazama maharage.

Siku ya soko alishuka mpaka Lhubiriha, mpakani, kununua shanga. Aliyemuuzia siku zote alikuwa Sophie, mwanamke wa Butembo aliyekimbia vita na watoto na mashine ya kushonea, mashine akaiuza njiani. Sophie alikuwa na mdomo ambao hata wanajeshi wa kizuizi cha barabarani waliuogopa.

"Mama Loyi! Karibu, karibu. Leo uko na sura ya mutu alilala juu ya mawe."

"Nililala, Sophie. Kuamka ndiko kulikonishinda."

"Oyo! Na harusi iko Ijumaa. Sasa unataka nini? Nyeupe iko, ya bleu iko, rouge iko mingi."

"Nyeupe vijiko viwili. Nyekundu…" Loyi alisita. "Nyekundu sijui hata kama nahitaji. Punje moja."

"Punje moja!" Sophie aliwageukia wenzake wa meza za jirani. "Musikie huyu mama! Anavuka soko muzima anatafuta punje moja. Nikupimie na mizani gani, ya Mungu?"

Wenzake wakacheka, na Loyi naye akatabasamu kwa kulazimika. Kisha, kwa kuwa Sophie hakuwa mtu wa ukoo, akamweleza. Sophie alisikiliza huku akimimina shanga nyeupe kwenye karatasi iliyosokotwa. Mwisho akashusha sauti.

"Muachilie mutoto. Mufu hana wivu na bibi harusi."

"Si wivu. Nani atamhesabu?"

"Mimi nilitoka Butembo nikaacha makaburi kule, hata sikujua nani atapalilia. Kama ningebeba batu bangu bote benye balikufa kwa mukoba, chanuo ningeweka wapi?" Aliifunga karatasi, akaikaza kwa kidole. "Lakini sisemi kama haiumi. Iko inauma. Kila siku iko inauma. Mi nakwambia tu, mutoto iko na kichwa yake, na weye uko na yako."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Loyi aliwaza akipanda kurudi. Lakini wa Sophie haukuwa wa usufi, na yeye alijua.

Jumatano alikishona. Alikuwa amechagua kitenge kizuri, cha kijani chenye maua madogo ya njano, na ukingo aliuzungushia nyeupe tupu, safu kwa safu, bila kuruka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya tangu msiba. Alipofika kwenye kitanzi vidole vilienda vyenyewe kwenye kopo la akiba: nyekundu ya kwanza, nyekundu ya pili, fundo. Akakitazama. Punje mbili zimekaa pamoja, kama zilivyokaa kwenye vioo vya kina Biira wote wa wilaya nzima.

Bwambale, mumewe, alipita na ndoo kutoka shambani. Akasimama, akainama kukitazama kitanzi. Akaenda kumwaga maji. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi sasa, kila mmoja akimpisha mwenzake kama watu wawili kwenye daraja jembamba.

Loyi aliona kwamba akianza kubishana na Mackline ugomvi utafika mpaka Ijumaa, na Ijumaa atahitaji miguu ya kusimama. Mtoto alikuwa ameomba kitu kimoja. Akachukua wembe, akaukata uzi, akaitoa ile ya pili. Ikaanguka sakafuni, ikaviringika upande wa mlango. Hakuinama kuitafuta. Alifunga fundo upya, akakitia kioo kwenye mfuko wa aproni yake, akaenda kulala jua bado lipo.

Ijumaa uwanja ulijaa. Turubai mbili zilitazamana, moja ya wenyeji, moja ya wakwe, na katikati umetandikwa mkeka. Msemaji wa ukoo alikuwa Zedekia, binamu yake Bwambale, aliyestaafu jeshini na hakuwahi kustaafu kutoa amri.

"Wakwe! Simama! Tuwaone!" Wakwe wakasimama. "Kaa! Vizuri. Mmepita Kikorongo salama?"

"Salama, Afande."

"Nani kati yenu amekuja kula tu? Mkono juu!"

Mzee mmoja wa Kitooro akainua mkono, uwanja ukaangua kicheko. "Huyu mkweli," alisema Zedekia. "Huyu apewe nyama mbili. Wengine wote ni waongo, chunguzeni!"

Loyi alikuwa huku nyuma, penye mafiga, akipakua. Hapakuwa na sababu ya yeye kupakua. Wanawake wa jirani walikuwa wengi. Lakini kusimama pale kwenye viti vya mbele, mikono mapajani, atazamwe, aliona hataweza. Kwenye moshi hakuna anayekuuliza mbona macho mekundu.

Katika nyumba hiyo ilikuwa imezoeleka kwamba vitu vya binti anavyoondoka navyo vinapitia mkononi mwa shangazi. Yunia aliketi mkekani, mgongo wima, kitambaa cheupe kichwani, na Mackline amepiga magoti mbele yake. Wakamletea blanketi, akalipapasa, akalitoa. Wakamletea kikapu, akakitoa. Wakamletea mkeka mpya, akaunusa kwanza, akasema umekaushwa vizuri, watu wakacheka, akautoa. Cha mwisho kilikuwa kioo. Hicho hakitolewi kimya. Shangazi hukishika, humwita binti kwa jina lake la kuzaliwa, binti huitika "Ni mimi," ndipo anapewa.

Loyi alikuwa na sahani tatu zimepangwa mkononi. Aliona kidole gumba cha Yunia kikitambaa kwenye ukingo, kikipita shanga nyeupe, kikielekea kitanzini. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Wiki nzima alikuwa amewaza punje ile itasema nini kwa wakwe, itasema nini kwa Mackline, itasema nini kwa mfu. Hakuwaza hata mara moja kwamba kuna mtu mmoja katika ukoo huu asiyeviona vioo, anayevisoma.

"Masika!" aliita Yunia.

Upande wa wenyeji ukanyamaza, mpaka kuni zikasikika zikipasuka mafigani. Upande wa wakwe mtu mmoja akapiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha. Zedekia alikuwa na kipaza sauti mdomoni lakini hakuna amri iliyotoka.

Yunia alingoja. Alikuwa mzee, kidole kilikuwa kimegusa moja, na kinywa kikafuata kidole kama kilivyozoea jioni zote zile za kibarazani. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita mtoto aliyechelewa mtoni.

"Masika! Njoo uchukue kitu chako!"

Bibi mmoja kwenye viti vya nyuma akaanza kulia, na wenzake wakamshika. Loyi alizikaza sahani mkononi. Alimtazama Mackline, aliyekuwa amepiga magoti ameinamisha kichwa, shingo imenyooka chini ya shanga za harusi. Aitike tu, Loyi aliwaza. Aseme "Ni mimi", apokee, waondoke. Neno dogo. Ndilo alilotaka. Na huku anawaza hivyo, alijua kwamba mtoto akiitika, basi Masika wake atakuwa amezikwa mara ya pili, leo, mbele ya watu na soda mikononi, na safari hii ni yeye mwenyewe, Loyi, aliyechimba.

Mackline aliinua uso.

"Shangazi, Masika hayupo," alisema. Akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Masika alitangulia. Mimi ni Biira."

Yunia alikipapasa kitanzi tena. "Biira? Mbona hapa ipo moja?"

"Mimi ndiye niliyesema iwe moja."

"Wewe?"

"Mimi, Shangazi. Mama alikataa. Nilimlazimisha."

Kidole cha Yunia kilibaki kwenye ile punje, na machozi yakamshuka kwenye yale macho ya ukungu bila uso kubadilika. "Sasa mimi nimemwita mtu," alisema polepole, "na mtu haji."

"Haji, Shangazi."

"Basi hiki si chako."

"Si changu."

Mackline akakipokea kwa mikono miwili. Akainuka, akalikusanya gauni lake lisiburute, akapita katikati ya turubai mbili, watu wakigeuza vichwa kumfuata, mpaka huku nyuma penye moshi. Loyi alikuwa bado na sahani zake. Mackline alizichukua, akazitua chini, akakiweka kioo kwenye kiganja cha mama yake.

"Hiki kaa nacho. Ni cha dada."

"Nilijua ungeitika," alisema Loyi.

"Na mimi nilidhani nitaitika. Kinywa kimekataa." Mackline alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, poda ikachorwa mstari. "Changu utanishonea. Mbili."

"Lini?"

"Ukipata nguvu."

"Sasa utaondoka nyumbani bila kioo? Watu watasema nini?"

"Gari la Kiiza lina vioo vitatu, Mama. Nitachagua."

Loyi alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu aliyesahau njia yake, na kiliishia kwenye kukohoa kwa moshi, lakini Mackline alikisikia naye akacheka, na kwa muda walishikana mabega wakitikisika, wanawake wa jirani wasijue kama ni kilio au ni nini. Kutoka uwanjani Zedekia alikuwa ameipata sauti yake.

"Haya! Bibi harusi, rudi kwenye mstari! Mtu wa muziki, unalala? Piga!"

Muziki ukapigwa. Walikula, wakacheza, yule mzee wa nyama mbili akatoa hotuba ambayo haikuwa na mwisho. Bwambale alimshika dada yake Yunia mkono akampeleka ndani kupumzika, na Loyi akawaona wamekaa kitandani bega kwa bega, mlango wazi, wakiongea. Hakusikia neno. Lakini Bwambale ndiye aliyekuwa akiongea.

Jua liliposogea upande wa Kongo, wakwe walianza kupanga mizigo kwenye magari. Loyi alikuwa amebaki na masufuria. Miguu ilimwaka, mgongo ulikuwa kama umefungwa gogo, na ilibidi aketi chini kabisa, juu ya gunia, ndipo aweze kusugua. Akaona viatu vizuri vyeusi vimesimama mbele yake kwenye matope. Alikuwa mama yake Kiiza.

"Hapana, hapana, usisimame," alisema yule mama kwa Kiswahili cha mjini Kasese. Akatafuta pa kukaa, akaona jerikani, akailaza, akaketi juu yake na gauni lake la sherehe. "Nimekuja kusema samahani. Mtu wetu alipiga makofi. Sisi hatukuelewa kitu. Kijana ameniambia sasa hivi kwa gari."

"Si kitu. Mngejuaje?"

"Alikuwa ameniambia tu, kwao kulikuwa na msiba. Nikasema sawa, misiba iko kila nyumba. Sikujua ni hiyo ya kwanza."

"Ndiyo. Wa kwanza."

Loyi aliinamia sufuria akingoja. Alijua kinachofuata, Mackline alikwisha kumpangia chote: alikufa na nini, lori la wapi. Akakusanya majibu mafupi, akayaweka tayari mdomoni.

Yule mama alikunja mikono ya gauni lake, mmoja, halafu wa pili. "Hiyo mtoto," alisema, "ilikuwa namna gani?"

Loyi aliacha kusugua.

"Namna gani vipi?"

"Namna gani tu. Mimi nachukua mdogo wake, naenda kukaa naye kwa nyumba moja. Siku ingine atamlilia dada, na mimi sitajua ni nani analiliwa."

Loyi alilisukuma sufuria kando. Kule mbele honi ilipigwa, mtu akajibu kwa kelele kwamba wangoje, mama bado. Hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya namna hii, na sasa kwa kuwa ameipata, yote yalitaka kutoka kwa mlango mmoja.

"Alikuwa na kelele," alisema hatimaye.

"Kelele?"

"Kelele nyingi. Anakata kioo anaimba, na kuimba hajui. Majirani wanalalamika. Tena ukimwambia anyamaze anaimba ule wimbo kutoka mwanzo." Loyi alipangusa uso kwa kiwiko. "Na kupika alikuwa hajui. Mwanamke mzima. Posho yake ilikuwa na mabonge ya unga mabichi ndani, ukikata yanakutazama."

Mama yake Kiiza alicheka mpaka jerikani ikalia chini yake. Akanyoosha mkono, akalivuta sufuria la wali lililokuwa limeganda, akachota majivu.

"Na mulikuwa munakula?"

"Tulikuwa tunakula! Ungefanyaje? Anakusimamia hapo, anauliza, 'Mama, leo si afadhali?'"

"Na unasema afadhali."

"Nasema afadhali."

Honi ilipigwa tena. Mama yake Kiiza hakugeuka. Alikuwa ameanza kusugua.

"Enhe," alisema. "Endelea."